Ndege haijafika mpaka isimame

Mama mmoja wa makamo aliletwa kwenye kliniki yangu na mwanawe jioni moja, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa leso. Nilipoifungua niliona kifundo kimevimba na kupinda mfano wa uma wa kulia uliolazwa kifudifudi. Hata kabla ya picha ya eksirei nilijua kwamba mfupa umevunjika. Nikamwuliza, "Pole, mama. Umeangukia wapi?"

"Ndani ya ndege, daktari," akanijibu. "Na ndege yenyewe ilikuwa imeshafika!"

Alikuwa akitoka Mombasa kuja Nairobi. Magurudumu yalipogusa ardhi, abiria wa mbele waliinuka, kama ilivyo kawaida yetu, utadhani wa mwisho kushuka hutozwa faini. Naye akafungua mkanda, akasimama kwenye ujia ili autoe mfuko wake wa maembe katika kabati la juu. Hakuwa na viatu. Alikuwa amevivua mapema kwa kuwa miguu ilimvimba, akabaki na soksi za nailoni. Ndege ilikuwa ingali inatembea taratibu kuelekea mahali pa kuegeshwa. Rubani akashika breki kidogo, jambo ambalo mtu aliyeketi na kufunga mkanda asingelijali. Mama akateleza, akajikinga kwa kiganja, na uzito wote wa mwili ukaishia kwenye kifundo hicho.

Plasta ilikaa wiki sita. Nimemwomba ruhusa nikisimulie kisa chake, naye amekubali bila kinyongo, kwa sababu ndani ya ajali hiyo ndogo mna karibu makosa yote ambayo sisi abiria huyafanya ndege inapokaribia kutua. Mara nyingi makosa hayo hayatudhuru, nasi tunadhani tuna akili. Siku mambo yanapoharibika ndipo hutofautisha aliyetoka na aliyebaki ndani.

"Ikianguka ni kufa tu"

Nikizungumza na wagonjwa wangu kuhusu jambo hili, wengi hunijibu kwamba ndege si matatu. Matatu likipinduka mtu aweza kupona, lakini ndege ikianguka ni kufa tu, basi mkanda wa nini? Imani hiyo si kweli, na ni ya hatari kwa sababu humfanya mtu asijitayarishe.

Halmashauri ya Marekani inayochunguza ajali za uchukuzi ilizipitia ajali za ndege za abiria za mashirika ya nchi hiyo zilizotokea kuanzia 1983 hadi 2000. Katika kila watu 100 waliokuwa ndani ya ndege hizo, zaidi ya 95 walitoka hai. Unaweza kusema kwamba hesabu hiyo imechanganya ajali kubwa na ndogo, na utakuwa umesema kweli. Lakini hata zilipotengwa zile mbaya zaidi, zenye moto, majeruhi na ndege iliyoharibika vibaya, bado zaidi ya nusu ya watu walipona.

Karibu nusu ya ajali zinazoua hutokea wakati ndege inakaribia uwanja au inatua, ingawa kipindi hicho ni cha dakika chache tu katika safari nzima. Hapo ndege iko karibu na ardhi na mwendo wake umepungua. Kwa sababu hiyo ajali nyingi za kutua huwaacha watu wakiwa hai ndani ya ndege iliyovunjika, na maswali huwa ni mawili tu: je, mtu huyu ana fahamu na miguu ya kumtoa? Na je, anajua mlango uko wapi kabla moshi haujamfikia?

Yote unayoambiwa na wahudumu kabla ya kutua yanahusu maswali hayo mawili. Kwa bahati mbaya hutangazwa kwa haraka na kwa sauti ya kukariri, bila sababu kutolewa, na abiria huyachukulia kama adabu za ndege tu. Nitajaribu kuzitoa sababu hizo jinsi daktari anavyoziona.

Miguu iliyovunjika Kegworth

Tarehe 8 Januari 1989 ndege aina ya Boeing 737 iliyokuwa na watu 126 ilijaribu kutua kwa dharura katika uwanja wa East Midlands nchini Uingereza, ikaangukia ukingo wa barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth, karibu kabisa na uwanja. Watu 47 walifariki na 79 wakapona. Madaktari wa mifupa wa hospitali za eneo hilo waliwachunguza majeruhi mmoja mmoja, wakaoanisha kila jeraha na kiti alichokalia mtu.

Waliona kwamba watu wengi walikuwa wamevunjika miundi, vifundo vya miguu, mapaja na nyonga. Ndege ilipogonga, miguu iliyokuwa imenyoshwa ilirushwa mbele kwa nguvu, ikapigwa chini ya kiti kilichotangulia. Vichwa navyo vilirushwa mbele vikakutana na migongo ya viti. Mtu aliyevunjika miguu yote miwili hawezi kukimbia moto hata kama moyo wake ni mzima kabisa. Huko Kegworth, kwa bahati, moto haukuienea ndege.

Kutokana na uchunguzi huo, namna ya kujikunja wakati wa hatari ilifanyiwa marekebisho. Ukisikia amri ya kujikinga, kaa nyuma kabisa ya kiti, kaza mkanda, kisha inama mbele mpaka kichwa kikutane na mgongo wa kiti cha mbele. Kama kiti kiko mbali, inama juu ya mapaja. Nyayo zote mbili ziwe sakafuni, zikirudi nyuma kidogo ya magoti, wala zisinyoshwe mbele. Ukiweka mikono juu ya kichwa, usifumbate vidole kwa kuvipitisha katikati ya vingine, kwa maana vikivunjika utafunguaje mkanda? Kadi iliyo katika mfuko wa kiti inaonyesha mkao unaofaa ndege hiyo, na inasomwa kwa dakika moja. Kujikunja huku hupunguza umbali ambao kichwa na miguu vitasafiri kabla ya kugonga kitu. Kadiri umbali ulivyo mfupi, ndivyo pigo lilivyo dogo.

Sasa utafahamu pia kwa nini unaambiwa uinue mgongo wa kiti. Kiti kilicholazwa humfanya abiria wa nyuma akose mahali pa kuinamisha kichwa, na humzibia njia ya kutoka. Wewe uliyelala nacho utateleza chini ya mkanda, mkanda upande tumboni. Kijimeza kilichofunguliwa kinakuwa upanga mbele ya ini na bandama, viungo viwili ambavyo vikipasuka humwaga damu ndani kwa ndani na mtu akafa bila hata tone moja kuonekana nje. Nao mkoba ulioachwa miguuni, badala ya kusukumwa chini ya kiti cha mbele, ndio utakaomkwaza mwenzako gizani.

Mkanda

Watu wengi hufunga mkanda juu ya kitovu, kwa ulegevu, mradi tu mhudumu aone umefungwa. Mkanda mahali pake ni chini, juu ya mifupa ya nyonga, ukiwa umekazwa. Nyonga ni mfupa imara unaoweza kuustahimili mkazo, ilhali tumbo ni nyama laini yenye matumbo na mishipa mikubwa ya damu. Mama mjamzito aupitishe chini ya uvimbe wa tumbo, juu ya mapaja, wala asiuweke katikati ya tumbo hata kidogo. Ukikaza hapo, pigo litaubana mji wa mimba na kondo la nyuma laweza kubanduka.

Tarehe 6 Julai 2013 ndege kubwa iliyokuwa na watu 307 iligonga ukingo wa uwanja wa San Francisco ikitua. Ilizunguka, ikapoteza mkia, ikaungua. Watu watatu tu ndio waliofariki. Wawili kati yao hawakuwa wamefunga mikanda, wakarushwa nje ya ndege, na wachunguzi walisema kuwa wangebaki vitini huenda wangekuwa hai.

Kuna jambo dogo ambalo hupuuzwa, nalo ni kuufungua mkanda. Wa gari hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe ubavuni. Wa ndege hufunguliwa kwa kuinua kibao cha chuma juu ya tumbo. Mtu akishikwa na hofu, vidole vyake hurudia mazoea, naye aweza kubonyezabonyeza mahali pasipo na kitufe huku sekunde zikiyoyoma. Kabla ya kutua, ufungue na kuufunga mara moja au mbili huku umefumba macho. Jirani akikutazama, mwache akutazame.

Macho, viatu na kichwa chenye fahamu

Usiku ndege ikitua taa za ndani hupunguzwa, na mchana mashirika mengi hukuomba ufungue kifuniko cha dirisha. Hayo yanahusu macho. Unajua jinsi unavyokuwa kipofu kwa muda ukiingia nyumba yenye giza kutoka kwenye jua kali. Jicho huhitaji dakika kadhaa ili lizoee giza, na kulizoea kabisa huchukua nusu saa au karibu yake. Taa zikizimika ghafla katika ajali, aliyekwisha kuzoea mwanga hafifu ataona mlango, na aliyekuwa akitazama sinema yenye mwanga mkali ataona weusi. Dirisha lililo wazi nalo humwonyesha mhudumu upande wenye moto, ili asifungue mlango wa upande huo.

Viatu uvivae kabla ndege haijaanza kushuka. Najua miguu huvimba safarini, na kuvua si kosa, lakini dakika kumi za mwisho si wakati wa soksi. Utakayokanyaga ukitoka ni vioo, chuma kilichokatika, mafuta na lami yenye moto. Viatu vya visigino virefu havifai kwa sababu huweza kutoboa mtelezo wa mpira ambao wenzako wanautegemea. Ukiwa unavivaa, utaamriwa uvivue mlangoni, na hapo huna viatu tena. Kwa hivyo safiri na vile vya bapa vinavyofungwa vizuri.

Vidonge vya usingizi na pombe ni suala zito zaidi. Ndani ya ndege oksijeni ni haba kuliko ardhini, na pombe hapo humfanya mtu ahisi usingizi na kupunguza uwezo wa kufikiri. Niliwahi kuwa na mgonjwa aliyekuwa akimeza kidonge cha usingizi katika safari ya saa moja ya kwenda Kisumu kwa sababu anaogopa ndege. Nilimwambia kwamba dawa hiyo humwamsha ndege ikiwa imetua, na kama kungekuwa na jambo lisingemwamsha kabisa. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo amwone daktari mapema, kwa sababu kuna njia nyingine.

Moshi ni mwuaji kuliko moto

Wasomaji wa gazeti hili wamesoma mara nyingi kuhusu jamaa waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, wakakutwa asubuhi wamekufa bila jeraha. Gesi iliyowaua huitwa kaboni monoksaidi. Hainuki na haionekani, nayo hujishikiza kwenye damu mahali pa oksijeni. Gesi hiyo hiyo hujaa ndani ya ndege inayoungua, ila haiko peke yake. Sponji za viti, mazulia na plastiki zikiungua hutoa pia gesi ya sianidi, sumu ya jamii moja na ile inayopatikana katika mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri. Mikupuo michache ya mchanganyiko huo humvuruga mtu akili, miguu ikalegea, akaanguka akiwa hatua chache kutoka mlangoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika uwanja wa Manchester tarehe 22 Agosti 1985. Ndege ilishika moto ikiwa bado ardhini, haikuruka wala haikuanguka, na bado watu 55 walifariki, wengi wao kwa moshi na si kwa kuungua.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutua hesabu safu za viti zilizo kati yako na mlango wa dharura ulio karibu, wa mbele na wa nyuma. Usiridhike kujua uko upande gani. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Katika moshi mzito hutaona mkono wako mwenyewe, lakini unaweza kupapasa viti na kuhesabu. Inama, kwa kuwa hewa iliyo afadhali iko chini na taa za kuongoza njia ziko sakafuni. Kitambaa kilicholoweshwa puani husaidia kuzuia masizi, lakini hakizuii kaboni monoksaidi, basi usipoteze muda kukitafuta.

Wahudumu wenyewe hufanya hivyo. Mtazame siku moja mhudumu aliyeketi kwenye kiti chake karibu na mlango wakati wa kutua, mikono imetulia na midomo imefungwa. Hajachoka. Anapitia moyoni mwake: mlango wangu unafunguliwaje, nitasema nini, nani hapa atahitaji kusaidiwa. Amefunzwa kufanya hivyo kila ndege inaporuka na inapotua. Mimi siku hizi humwiga, na haichukui hata nusu dakika.

Acha mfuko

Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuingizwa kazini kabla ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Katika majaribio hayo hakuna abiria anayesimama kutafuta mfuko wake. Katika maisha wako. Ujia wa ndege unapitisha mtu mmoja tu. Akisimama sekunde tano kuvuta sanduku, walio nyuma yake wote wamesimama sekunde tano. Sanduku hilo likifika kwenye mtelezo huupasua au humvunja mtu uti wa mgongo kule chini.

Tarehe 5 Mei 2019 ndege ilitua kwa dharura mjini Moscow ikashika moto, na watu 41 kati ya 78 wakafariki. Picha zilizosambaa duniani ziliwaonyesha baadhi ya walionusurika wakitembea kwenye nyasi na mikoba mikononi. Linganisha na yaliyotokea tarehe 2 Januari 2024 katika uwanja wa Haneda, Tokyo. Ndege ya Japani iliyokuwa ikitua iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, na watu watano kati ya sita wa ndege hiyo ndogo wakafariki. Ile kubwa ilikuwa na watu 379. Vipaza sauti viliharibika, na ni milango mitatu tu kati ya minane iliyoweza kutumika. Wahudumu walipiga kelele kwa sauti zao, abiria wakaacha mizigo yao wakatii, na watu wote 379 wakatoka hai. Ndege iliungua ikabaki majivu.

Najua unachofikiria, kwa sababu wagonjwa wangu huniambia: "Na dawa zangu je?" Hoja hiyo ni ya haki. Mwenye pumu asiyekuwa na kivutio chake baada ya kuvuta moshi yuko hatarini kweli kweli, na mwenye kisukari vilevile. Basi visikae kabatini juu. Kabla ya kutua, weka mfukoni mwa nguo yako, au katika kipochi kidogo cha kuvaa kiunoni, vitu hivi: kivutio cha pumu, dawa ya moyo au insulini ya siku hiyo, miwani, simu na pasipoti. Vikiwa mwilini mwako, hutakuwa na sababu ya kurudi. Maembe utanunua mengine.

Majini

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulitilia maanani suala la maji. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta, ikaangukia baharini karibu na ufuo wa Komoro. Watu 125 kati ya 175 walifariki. Miongoni mwao walikuwapo waliojaza hewa jaketi zao za kujiokoa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwapandisha hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi huvaliwa ndani, lakini kamba ya kujazia hewa huvutwa mlangoni, mtu akiwa anatoka.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa ikienda kutua Bukoba iliangukia Ziwa Viktoria ikiwa na watu 43. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafariki. Waliofika kwanza ni wavuvi wa hapo na mitumbwi yao. Viwanja vyetu vingi vidogo viko kando ya maji, hivyo tazama ni wapi jaketi yako imewekwa hata kama safari ni ya nusu saa.

Mtoto wa mapajani

Yule mama aliporudi kuondolewa plasta, alikuja na swali. Binti yake alikuwa akisafiri kumfuata mumewe Dubai, naye ana mtoto wa miezi saba. Ni vema amshike au amfunge pamoja naye?

"Mama," nikamwambia, "hakuna mikono ya binadamu inayoweza kumshika mtoto ndege ikigonga." Tufanye hesabu. Viti vya ndege za kisasa hujaribiwa kwa mshtuko wa mara 16 ya uzito. Mtoto wa kilo 8 katika mshtuko huo huvuta kama kilo 128, yaani kupita gunia la mahindi la kilo 90. Katika ajali ya Sioux City nchini Marekani, tarehe 19 Julai 1989, wazazi waliokuwa na watoto wa mapajani waliambiwa wawalaze sakafuni, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Mtoto mmoja alifariki. Mhudumu aliyekuwa mkuu wa kabati la abiria siku hiyo alitumia miaka mingi baadaye akidai watoto wachanga wapewe viti vyao.

Njia iliyo salama zaidi ni kumnunulia mtoto kiti na kumfunga katika kiti cha watoto kilichoidhinishwa kutumika ndani ya ndege. Gharama si ndogo, na sitamlaumu mzazi asiyeimudu. Kama atampakata, aombe mkanda mdogo wa mtoto unaoshikizwa kwenye wa mzazi, pale shirika linapoutoa. Jambo la kukatazwa kabisa ni kumfunga mtoto ndani ya mkanda mmoja na wewe. Ndege ikigonga, uzito wako wote utambana mtoto kwenye mkanda huo, na wewe ndiwe utakayemwumiza. Mbeleko au leso ya mgongoni nayo haifai kuwa kinga wakati wa kutua.

Na masikio

Akaongeza la pili. Mbona masikio yalimuuma sana akienda Mombasa, lakini akirudi Nairobi hayakumsumbua?

Ndani ya ndege hewa hupunguzwa iwe kama ya mlimani, kwa kawaida bila kupita ile ya mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari. Uwanja wa Nairobi wenyewe uko kiasi cha mita 1,600, na wa Eldoret ni mita 2,100. Ukitua huko, hewa ya ndani haina mabadiliko makubwa. Mombasa iko karibu usawa wa bahari, kwa hiyo hewa hurudi kwa nguvu na kukisukuma kiwambo cha sikio kwa ndani. Kati ya sikio na koo mna mrija mwembamba ambao hufunguka ukimeza mate, ukaruhusu hewa isawazike. Aliyelala humeza mate mara chache. Mwenye mafua mrija wake umevimba. Hao wawili ndio wanaoumia.

Kwa hivyo jiamshe ndege inapoanza kushuka, yapata nusu saa kabla ya kutua, na umwamshe mtoto pia. Tafuna au nyonya peremende, piga mwayo, meza mate. Ikishindikana, bana pua, funga mdomo, kisha pulizia taratibu mpaka masikio yafunguke. Usipulize kwa nguvu. Mtoto mchanga mpe ziwa au chupa wakati huo wa kushuka. Ukimnyonyesha mapema mno atashiba na kulala, kisha alie mpaka chini. Mwenye mafua makali aahirishe safari akiweza. Asipoweza, dawa ya kupuliza puani inayopunguza uvimbe itumike nusu saa kabla ya kushuka. Mwenye shinikizo la damu amwulize daktari kwanza kabla ya kumeza vidonge vya mafua, maana baadhi huipandisha.

Sikio likibaki limeziba siku moja au mbili baada ya safari, si jambo la kushtua. Maumivu yakizidi siku mbili, au damu na majimaji yakitoka, au kukawa na kizunguzungu, nenda hospitalini. Huenda kiwambo kimepasuka, na mara nyingi hujifunga chenyewe katika majuma machache kikikaa kikavu. Naletewa watoto waliotiwa mafuta ya nazi ya vuguvugu sikioni na nyanya zao kwa nia njema kabisa. Kiwambo kikiwa na tundu, mafuta hayo huingia moja kwa moja katika sikio la kati na kuleta usaha, na kazi ya majuma machache ikawa ya miezi. Usitie chochote, wala maji ya kuoga, mpaka sikio litazamwe kwa taa.